Kondoo Aliyenuka Ziwa

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, tulieni. Hadithi hii nzito inathibitisha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na imeandikwa na kijana mwenye tabia njema. Hilo la tabia mlipokee kwa tahadhari.

Miaka ile ya foleni za sabuni, shule moja ya bweni karibu na Nyegina ilipata kondoo wawili wa mbegu ya kisasa, dume na jike. Dume alikuwa mnene kama gunia la pamba, naye aliwekwa achinjwe siku ya mahafali.

"Mbegu ni mbegu," alijigamba mwalimu mkuu, Apolinary. "Huyu hata akila karatasi, nyama yake itakuwa tamu."

Mwanafunzi mmoja akapewa kazi ya kuwakatia majani.

Muda si muda dume akabadilika. Jioni, mitumbwi ilipokuwa ikirudi, alisimama akilikodolea macho ziwa, akalia kwa sauti nzito kama mtu anayeita jina. Midomoni mwake mlimeta vitu vidogo vyeupe, mithili ya kucha za mtoto.

Siku ya mahafali, mpishi Jenoveva alifunua sufuria. Mvuke ulipopanda, wageni wakaziba pua. Nyama ilinuka ziwa.

Mume wa Jenoveva alikuwa amezama ziwani upande wa Kisorya, na mwili haukuonekana.

"Marehemu alikuwaga na harufu hii," akanong'ona mlinzi Alfonce, aliyekuwa rafiki yake.

Jenoveva akaweka upawa chini. "Shemeji, usimwite."

Wageni walianza kuinuka.

"Mama, utuachie jiko," akasema mwalimu mkuu bila kumtazama. "Watoto hawawezi kupikiwa na mtu anayefuatwa na marehemu."

"Na wa kwangu watakula nini, mwalimu?"

Kabla hajajibiwa, sauti ile ile nzito ikalia mlangoni. Watu wakajibanza ukutani. Alikuwa kondoo jike aliyebaki. Akapita meza, akampita Jenoveva, akaenda moja kwa moja kwa yule mwanafunzi wa majani na kutia pua mfukoni mwa kaptura yake. Dagaa wakamwagika sakafuni.

"Majani yako mbali," mwanafunzi akasema. "Dagaa wanaanikwa hapo mwaloni kwa wavuvi tu."

"Umewalisha tangu lini?"

"Tangu walipoletwa, mwalimu."

Jenoveva akaokota upawa wake. "Bernado, masufuria yote utasugua wewe. Kwa mchanga. Sabuni hakuna."

Niliyasugua mpaka vidole vikachubuka. Naam, Bernado ni mimi. Mbegu ya kondoo haikuwa na kosa. Mlishaji ndiye aliyemgeuza samaki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.