Nyundo ya Jumbe na Ukuta wa Bi Mwanamvua

"Usiulize ukuta umeziba nini, uliza umebeba nini." Mmeisikia asubuhi hii kwa shangazi yenu, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianzia Pangani, katika nyumba ya mawe ya Bi Mwanamvua, na aliyeianzisha ni mwanawe, Jumbe, kwa nyundo.

Jumbe alikuwa mtoto mwema. Nasema hivi mapema msije mkamcheka kupita kiasi. Alifanya kazi Dar es Salaam, na huko aliona nyumba za kisasa ambazo jiko na sebule ni chumba kimoja, mpishi anakaanga huku anazungumza na wageni. Moyo ukamuuma. Mama yake, tangu awe mjane, alipika peke yake nyuma ya ukuta, na kila Jumbe alipokuja likizo walizungumza kwa kupigiana kelele kama watu waliotenganishwa na mto.

"Mama, ukuta huu unakuziba tu," akasema siku moja. "Niuondoe, tuwe pamoja."

Bi Mwanamvua akautazama ukuta, na vidaka vyake alimopanga bakuli za kaure. "Marehemu baba yako hakuugusa," akajibu. "Lakini ukiona vyema, mwanangu, haya." Alikuwa mtoto wake wa pekee, hata angeliomba paa, angepewa.

Jumbe hakumwita fundi. Aliwaza kwamba ukuta wa kazi hauwezi kutobolewa vidaka vingi namna ile, kwa hiyo huu ni wa pambo tu. Akajiona mhandisi. Akazishusha bakuli moja moja, akazifunga kwa kanga, na mama alipopanda ghorofani kuswali adhuhuri, akashika nyundo.

Jiwe la kwanza lilitoka vizuri. La tano pia. Alipolitoa la kumi na moja, chokaa ikamdondokea kichwani. Akatazama juu. Boriti za dari zilikuwa zimeinama, na moja ikatoa mlio wa kupasuka. Juu ya boriti hizo ndipo mama alipotandika msala wake.

Kabla Jumbe hajaita, sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa jirani yao Mzee Kibwana, fundi wa nyumba za mawe, aliyekuwa amekuja kulalamikia vumbi.

"Weka nyundo chini! Nani yuko juu?"

"Mama."

"Mwambie aambae na ukuta wa nje, asipite katikati. Kisha kimbia, lete magogo!"

Jumbe akamwita mama, akamweleza pa kupita. Bi Mwanamvua akateremka taratibu, kiganja ukutani, huku mwanawe akimsihi, "Polepole, mama. Polepole." Alipofika chini Jumbe alimkumbatia, akalia bila haya. Wanaume wa mtaa wakaleta magogo ya mnazi, wakaziegemeza boriti, nazo hazikushuka tena.

Hapo ndipo Mzee Kibwana alipomshika mkono. "Ona. Boriti ya mkoko ni fupi, hakuna inayovuka nyumba nzima. Za sebuleni zinaishia juu ya ukuta huu, na za jikoni zinaanzia papo hapo. Kabla ya kupiga nyundo, ulijiuliza nini?"

"Nilijiuliza umeziba nini."

"Ungejiuliza umebeba nini. Ulikuwa umembeba mama yako."

Ukuta ukajengwa upya wiki ile ile, Jumbe mwenyewe akikoroga chokaa. Ulipokwisha, akamwuliza mama kwa nini hakumkataza.

"Nilikuona una furaha, nikaona haya kukuvunja moyo," akasema Bi Mwanamvua. "Lakini mimi sikutaka ukuta uondoke, Jumbe. Nilitaka wewe uje upande huu."

Jumbe akaingia jikoni, akakalia mbuzi, akaanza kukuna nazi, vibaya kabisa, mapande kwa mapande. Mama akacheka mpaka akashika ubavu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna aliyepaza sauti nyumbani mle.

Mtaani kwao habari ikaenea. Tangu hapo, mtu akitaka kuondoa kitu kwa kuwa kinamkera, iwe desturi ya zamani, bibi mwenye maneno mengi au mzee asiyekubali upesi, watu humzuia mkono kwanza, wakamwambia: usiulize ukuta umeziba nini, uliza umebeba nini.