Jina Moja kwa Diski ya Bi Oresta

Sogeeni, hadithi imeiva, na mwenye ubishi aje nao.

Palikuwa na watu watatu mjini Songea. Fidea alijaliwa jicho: mpe ukurasa wa tarakimu, atakuonyesha iliyokaa kombo. Bosco alijaliwa mkono, programu zilimtoka vidoleni. Tunu alijaliwa shaka. Hata chai aliinusa kwanza, na wenzake wakamwita Bi Subiri.

Wote walijitolea kuutunza Mkeka, mfumo wa kompyuta ambao msimbo wake, yaani maagizo yanayouendesha, uko wazi: yeyote duniani huusoma, huurekebisha na kuutumia bure. Mkuu wao, Mama Adeltruda, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliweka desturi. Kila aina ya diski ambayo Mkeka umejifunza kuisoma, msimbo wake huandikwa jina la mtu mmoja juu kabisa, wa kushukuriwa na wa kulaumiwa. "Wakiwa wawili," alisema, "kikiharibika kitu kila mmoja atamtazama mwenzake."

Sasa, Mama Adeltruda mwenyewe alikuwa na diski kabatini. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, Bi Oresta, akiimba nyimbo za mavuno. Mashine iliyomrekodi ilipanga mafaili kwa namna yake, kiwanda chake kikafa, na hakuna kompyuta iliyoielewa tena. Miaka kumi na minne hakuisikia sauti ile, na ilimuuma.

Fidea alipoiomba diski, Tunu akaingilia. "Subiri, dada. Hii ni moja tu duniani. Tuinakili tarakimu kwa tarakimu, halafu yenyewe irudi kabatini." Kazi hiyo ilichukua siku nne, na Bosco akanung'unika zote nne.

Fidea akakaa na nakala miezi miwili, bila maelezo ya mtu yeyote. Akachora kwenye daftari la hesabu: hapa majina ya mafaili, hapa orodha ya vipande vyake.

Bosco akalipokea daftari, akaandika msimbo. Mara tisa kompyuta iliganda. Mara ya kumi majina ya nyimbo yakatokea kwenye kioo, akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza. Akafungua wimbo mmoja, likasikika neno, kisha kimya. Mkeka una mazoea ya kuandika saa kila faili linapofunguliwa, na saa ile iliandikwa juu ya orodha ya vipande. Nakala ikafa.

"Ingekuwa ile yenyewe..." akasema Bosco.

Tunu hakumcheka. Alimpa nakala ya pili aliyokuwa ameiweka akiba, na Bosco akaandika upya: diski hii isomwe tu, isiandikwe kitu.

Jumamosi asubuhi Mama Adeltruda akachomeka diski yenyewe. "Imeanza?" akauliza Bi Oresta, kisha akaimba. Mama Adeltruda alilia bila kujificha, na kifua kikamjaa fahari. Nchi asizozijua zingesoma diski kama hii, na walioufundisha mfumo ni watu wa Songea!

Likabaki jina, na toleo jipya la Mkeka lilikuwa litoke saa sita mchana.

"Bila jicho langu mngesoma nini?" akasema Fidea.

"Daftari haliimbi," akasema Bosco.

"Mimi sikugundua wala sikuandika," akasema Tunu. "Ila ningenyamaza, leo mngegombea diski tupu."

"Jifya moja haliinjiki chungu," akakiri Mama Adeltruda.

"Basi andika yote matatu, Mama."

"Desturi niliiweka mimi, Bosco. Siivunji siku inaponibana mwenyewe."

Akaweka vidole kwenye kibodi. Kila alipomtazama mmoja wao, moyo ulimwambia ndiye huyu. Wimbo ukaisha, na Bi Oresta akacheka mle ndani ya diski, akauliza kama alivyowauliza waliomrekodi: "Haya, nimshukuru nani?"

Binti yake akaondoa vidole kwenye kibodi. Saa sita inakaribia, msikilizaji, na kiti chake nakupisha wewe. Je, ungeandika jina la nani?