Mkia wa Jogoo wa Kilua

Mkia wa jogoo, muulize mama yake.

Mmeisikia asubuhi ya leo, pale mzazi mmoja alipopanda jukwaani na kueleza, kwa dakika ishirini nzima, kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza darasani kwa sababu ya akili za ukoo wake yeye. Bibi mmoja aliyeketi nyuma akaitamka, ukumbi ukacheka, na nyinyi mkacheka pia bila kuelewa, kama mnavyofanya kwenye somo la Hisabati. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa mtu mwenye hekima. Ilianza kwa mtu mwenye ndevu nyingi na jogoo mmoja.

Mtu huyo aliitwa Kilua, wa kijiji cha Kwembago, huko milimani Usambara, enzi ambazo milima ile ilitawaliwa na Zumbe. Kilua alifuga jogoo wa mapambo. Jogoo wake, Sultani, alikuwa na mkia wa dhiraa nne, mweusi unaometameta kama maji ya kisima. Sultani hakulala chini kama kuku wa watu. Alijengewa ulingo mrefu ili mkia uning'inie bila kugusa vumbi. Akitoka kutembea siku ya tope, Kilua alimfuata nyuma ameushika mkia kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu ambao mkewe, Kidawa, hakuwahi kuuona hata siku ya harusi yao.

Wageni walipouliza siri ya mkia ule, Kilua alishika ndevu zake na kusema, "Mkia hutoka kwa baba. Mtetea ni kapu la mayai tu. Nani aliwahi kusifu kapu?"

Siku moja tarishi wa Zumbe akabisha hodi. Zumbe alikuwa anajiandaa kumwoza bintiye baada ya mavuno mawili, na alitaka mtoto wa Sultani, mwenye mkia kama wa Sultani, awe pambo la harusi.

"Mwambie Zumbe ahesabu kuwa amekwishampata," alisema Kilua. "Na watoto wa Sultani wakikosa mikia, mimi mwenyewe nitasimama barazani mbele ya watu wote niwike kama jogoo."

Tarishi alimtaka arudie, ili akikariri asikosee. Kilua akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akamwambia mkewe achinje kuku kwa ajili ya mgeni.

"Tuna mtetea mmoja tu, Baba Shebe," alisema Kidawa. "Kishingo."

Kishingo alikuwa kuku asiye na manyoya shingoni, mwenye kimkia cha kukatisha tamaa.

"Huyohuyo."

"Lakini ndiye mama yake Sultani!"

"Mama Shebe, huyo kuku ana mkia?"

"Hana."

"Basi alimpa nini mwanawe? Mtu hutoa asichonacho?"

Kidawa akaenda kuchukua kisu, maana hoja ilikuwa nzuri sana. Tatizo la hoja ile lilikuwa moja tu, kwamba si kweli. Kishingo akachinjwa. Nyama yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba tarishi alianza kutafuna firigisi adhuhuri, na alasiri alipoaga alikuwa bado anatafuna.

Kilua akanunua mitetea sita wazuri, weupe kama kanzu za Idi, akamwachia Sultani. Vifaranga wakaanguliwa, wakakua, majogoo kumi na mmoja. Mikia yao ilikuwa kama fagio lililokwishatumika. Kilua akasema ni chakula; akawapa mtama bora kuliko aliokula yeye. Mikia ikabaki palepale. Akasema ni kijicho cha majirani, akawafungia ndani. Akaipaka mikia mafuta ya mbarika. Mwishowe akaifunga vijiwe ili ivutike. Mikia haikuvutika, ila majogoo wote kumi na mmoja walijifunza kutembea kinyumenyume, wakawa wanaingia bandani kwa kutanguliza makalio.

Uzao wa pili ukatoka hivyohivyo. Mavuno ya pili yakakaribia, na Kilua akawa anashtuka kila anaposikia jogoo akiwika, kana kwamba anafundishwa kazi.

Sultani, kwa upande wake, hakuwajali sana wale mitetea sita. Mara kwa mara aliruka ua kwenda kwa jirani, mjane mmoja aliyeitwa Bi Mashavu, na Kilua alikwenda kumrudisha akimgombeza kwa kujishushia hadhi. Lakini wiki mbili kabla ya harusi, alipochungulia juu ya ua, Kilua aliona jambo lililomfanya aukamate ua kwa mikono miwili. Juu ya mpera wa Bi Mashavu alisimama jogoo kijana, na mkia wake ulishuka kutoka tawini hadi usawa wa kiuno cha mtu.

Kilua hakuzunguka hadi mlangoni. Alipita juu ya ua.

"Mwizi! Umeniibia jogoo!"

"Shemeji, karibu," alisema Bi Mashavu, ambaye alikuwa anapeta mchele. "Hata salamu?"

"Huyu ni mtoto wa Sultani!"

"Ni mtoto wa Sultani, ndiyo. Sultani huja hapa kila siku kama mkopeshaji. Lakini yai limetagwa kwangu, na mama yake ndiye yule pale."

Kilua akageuka. Chini ya mpera alikuwa anakwaruza udongo mtetea mmoja, shingo tupu, kimkia kama kidole gumba.

"Huyo ni mtoto wa Kishingo," alisema Bi Mashavu. "Kidawa alinipa akiwa kifaranga, wewe ukasema umepunguziwa aibu. Nimepata kwake majogoo wanne. Wawili wana mikia, wawili hawana. Mkia umo ndani yake, shemeji, ila yeye hauvai."

"Haiwezekani! Mtu hatoi asichonacho."

Bi Mashavu akaweka ungo chini. "Marehemu mama yako alikuwa na ndevu?"

"Angalia ulimi wako!"

"Na marehemu baba yako?"

Kilua akageuka kuutazama ua. Kijiji kizima kilikumbuka kwamba baba yake alikuwa na kidevu kama kiazi kilichomenywa.

"Hizo ndevu ni za mjomba wako, nywele kwa nywele," alisema Bi Mashavu. "Kutoka kwa wajomba mpaka kwenye kidevu chako, zilipita njia gani?"

Kilua alizishika ndevu zake, safari hii polepole, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake. "Zilipita kwa mama," alisema.

"Haya. Jogoo nitampeleka mwenyewe kwa Zumbe. Utakachosema mbele yake ni juu yako."

Siku ya harusi, baraza lilijaa. Bi Mashavu akamweka yule jogoo kwenye mkeka, mkia ukatandazwa, watu wakaguna kwa kustaajabu.

"Kilua," alisema Zumbe, "huyu ni mtoto wa Sultani?"

"Ndiye, Zumbe."

"Na mkia ameupata kwa baba yake, kama unavyosema siku zote?"

Neno "ndiyo" lilifika hadi kwenye meno ya Kilua. Ahadi ya kuwika ingeishia palepale. Kidawa peke yake ndiye angejua, na Bi Mashavu, ambaye alikuwa anakagua kucha zake. Kilua alimeza mate, na lile neno likarudi nayo.

"Zumbe," alisema, "mkia wa jogoo, muulize mama yake. Mimi yangu ni kwamba nilimla bibi yake."

Akaeleza yote, mpaka vijiwe. Kisha, kwa kuwa watoto waliozaliwa bandani kwake walikuwa wamekosa mikia na ahadi ni ahadi, akapanda juu ya kigoda, akakunja mikono kama mbawa na kuwika: "Kokorikoo!" Kulikuwa kuwika kwa hali ya juu, maana alikuwa amekusikiliza kwa hofu mwaka mzima.

Zumbe akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa ya baraza, walikokaa akina mama.

"Mwambieni awike tena," alisema mama yake Zumbe. "Miaka thelathini nakaa huku nyuma, nikisikia mnavyosifu jinsi mwanangu alivyorithi busara za baba yake. Baba yake alikuwa hawezi hata kugawa mbuzi wawili kwa watu wawili."

Baraza zima likageuka nyuma. Zumbe akarekebisha kilemba, akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akamgeukia Kilua.

"Umemsikia mama," alisema. "Wika."

Kilua akawika. Na tangu siku ile, mtu akisimama mbele za watu kujisifia kilichoota kwa mwanawe, huwa yupo mmoja nyuma wa kumwambia: mkia wa jogoo, muulize mama yake.