Sheria ya Kisima cha Mchangani

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mlionyimwa ugali? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, mto mmoja ulikauka, ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakachimba kisima katikati ya mchanga huo. Lakini mchanga una tabia mbaya. Ukiutoa, unarudi: cha, cha, cha. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao: zoa mchanga kwanza, kunywa baadaye. Mkubwa kwa mdogo.

Mama Ngiri alikuwa na mtoto mgonjwa, midomo imempasuka kwa kiu. Kila asubuhi alipanga foleni naye, akiomba maji yafikie zamu yao.

Siku moja akaja Muhanga, mla mchwa hodari wa kuchimba, na mkewe na watoto, masikio yao yameungua.

"Hodi, wenyeji! Kwetu kumeteketea. Moto umekula nyasi, umekula vichuguu, umemla hata mama yangu. Tunaomba maji."

Mama Ngiri akawahurumia, si jiwe yule. Lakini akaitazama foleni, akamtazama mwanawe, akaanza kuhesabu vichwa. Msimcheke. Mwenye mtoto anayelia kiu, hata wewe, utahesabu vichwa.

Wakakaa baraza. Nyani akapanda juu ya jiwe.

"Maji hayatoshi! Leo wanaomba tone, kesho watachimba, kesho kutwa watasema kisima ni chao!"

"Tuwafukuze?" akauliza Nyati, mkubwa wao.

"Wakirudi kule wataungua," akasema Mama Ngiri polepole.

Nyati akacheua, akacheua, kisha akakata shauri. "Wabaki, wanywe wa mwisho. Ila mgeni asiguse mchanga wa kisima mpaka baraza liamue."

"Litaamua lini, mkubwa?" akauliza Muhanga.

"Likikaa."

Halikukaa. Mabaraza mnayajua wenyewe.

Basi akina Muhanga wakawa wanashinda kando, makucha yao mapana wameyakunja. Nyani akipita, ptu! anatema mate. "Waoneni! Kunywa tu, hawazoi hata konzi moja!" Mama Ngiri naye akaanza kunung'unika vivyo hivyo. Jua likazidi kuwaka. Wenyeji wakachoka kuzoa. Mchanga haukuchoka: cha, cha, cha.

Asubuhi moja zamu ya Mama Ngiri ikafika. Akainamisha pua kisimani. Pakavu! Mtoto wake hata kulia hawezi tena.

"Uwiii! Mwanangu anakufa!"

Muhanga hakungoja baraza. Akajitosa ndani. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Mchanga ukaruka mpaka usoni kwa Nyani. Mara, bubu-bubu-bubu, maji hayo!

"Mnyweshe, dada," akasema Muhanga.

Mtoto akanywa, akakohoa, akanywa tena.

Nyati akaja mbio. "Nani kachimba?"

"Mgeni!" akapaza sauti Nyani. "Kavunja sheria! Afukuzwe na wanawe!"

Mama Ngiri akaona aibu kubwa kuliko hofu. Akasimama.

"Mkubwa, nisikilize. Mimi nalala shimoni, na mama yangu alilala shimoni. Nani amewahi kumwona ngiri akichimba shimo lake? Mashimo yetu yalichimbwa na akina Muhanga wa zamani, sisi tukaingia tukalala. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tumemnyang'anya jembe, kisha tukamwita mvivu. Nami nilimwita hivyo."

Akashuka kisimani, akasimama ubavuni mwa Muhanga, akaanza kuzoa. "Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi."

Nyati akawatazama wale wawili, akayatazama na maji yanavyopanda. Mwisho akasema, "Sogeeni, nami nitie kwato."

Nyani alibaki juu ya jiwe, anadai baraza liitishwe, mpaka kiu ikamshusha. Akapewa maji. Lakini alizoa kwanza!

Haya watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: ukimnyima mgeni jembe, usimwite mvivu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda akamsimulie aliyelala.