Mamba Aliyetaka Marinda

Nguo imetandazwa.
— Tumekaa juu yake.
Niseme au ninyamaze?
— Sema, masikio ni yako.

Basi hapo kale, huko Misri, kando ya mto Nili, aliishi dobi mmoja jina lake Ipui. Watu wa nchi ile walivaa kitani, na kitani chao kilikuwa cheupe. Wanaume walijifunga shuka kiunoni, wanawake walivaa gauni refu la kubana, na wakubwa walivaa kitani chembamba, kimetiwa marinda toka juu mpaka chini. Nguo nyeupe huchafuka upesi, kwa hiyo Ipui hakukosa kazi. Alizisugua kwa magadi, akazipiga juu ya jiwe, pa, pa, pa, akazianika.

Siku moja maji yakafanya chubwi. Mamba akatoa kichwa.

"Dobi, unafua?"

"Nafua, bwana mkubwa."

"Za nani?"

"Za wenyewe."

"Leo ni zangu."

Akachukua shuka, akazama nayo. Kesho yake, chubwi.

"Dobi, unafua?"

"Nafua, bwana mkubwa."

"Za nani?"

"Za wenyewe."

"Leo ni zangu."

Akachukua gauni. Ikawa hivyo kila Ipui akienda mtoni. Mamba alizirundika nguo ukingoni, wala hakujua kuzivaa. Alitaka tu ziwe zake. Mzee mmoja alifika mlangoni kwa Ipui amejifunga mkeka, akauliza shuka yake iko wapi.

Sasa, mke wa Ipui aliitwa Baketi, na binti yao Meriti alikuwa karibu kuolewa. Baketi alikuwa amemfumia nguo ya harusi, uzi mwembamba kama utando wa buibui. Nguo ikitoka kwenye kitanda cha kufumia lazima ifuliwe. Baketi akaipeleka mtoni mwenyewe, mumewe nyuma yake. Chubwi. Mamba akaichukua hiyo nayo.

Baketi akakaa chini mchangani. Hakulia.

"Baba Meriti," akasema, "siwezi kufuma nyingine. Macho yangu yameishia kwenye ile."

Aliyesikia maneno hayo ni Nguchiro. Nguchiro ni mnyama mdogo, mkia mrefu, na alikuwa na shimo lake nyuma ya nyumba ya dobi. Chakula chake kilikuwa mayai ya bata wa Baketi, na Baketi alikuwa akimfukuza kwa ufagio.

"Mama Meriti," akasema Nguchiro, "nikikurudishia nguo, utauweka ufagio chini?"

"Nitauweka."

"Na mayai?"

Baketi akatazama mto. "Utakula. Lakini si yote."

"Si yote," akasema Nguchiro, naye alikuwa anadanganya.

Akaomba chungu cha utomvu wa mgunga uliokorogwa na maji, akaenda ukingoni. Akamkuta Mamba amelala, shuka kichwani, gauni chini ya tumbo.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unanionaje?"

"Nakuona kama kamba ya kuanikia."

Mamba akafungua kinywa ammeze.

"Nguo unazo," Nguchiro akaendelea, "ila huna marinda. Wakubwa wote wa mjini wana marinda. Asiye nayo ni mpagazi."

Mamba akafunga kinywa. Hakutaka kuwa mpagazi.

"Marinda hutiwaje?"

"Nguo huloweshwa, huzungushwa mwilini, hukunjwa. Kisha mwenyewe hulala juani bila kutikisika."

"Nizungushe."

Nguchiro akachovya nguo kwenye utomvu. Akazungusha, akakunja, akazungusha, akakunja. Akaanza na mkia.

"Yanabana," akasema Mamba.

"Marinda hubana."

Akaja miguuni.

"Yanabana."

"Marinda hubana."

Akafika usoni.

"Hata kinywa?"

"Wakubwa hawasemi ovyo."

Mamba akanyamaza, naye Nguchiro akazungusha, akakunja. Nguo ya Meriti akaiweka kando. "Hii nyembamba huvaliwa mwisho," akasema, "hizi zikishakauka." Akampa Baketi aliyekuwa amejificha kwenye matete.

Jua la Misri si la mchezo. Utomvu ukakauka, ka, ka, ka. Mamba akataka kuinua mkia, hakuweza. Akataka kufungua kinywa, hakuweza. Akasema, "Mmm."

Ipui akasogea, akamtazama. Kumuua hakuthubutu, maana katika mji ule mamba walikuwa wanyama watakatifu. Kumfungua, nani amfungue?

Wakiwa katika kuwaza hivyo, wakatokea watu wa hekaluni na machela tupu, mkubwa wao akiitwa Huni. Kazi yao ilikuwa kuokota mamba waliokufa, kuwafunga kitani, na kuwalaza katika pango la heshima. Wakamwona mmoja ameshafungwa tayari. Wakainama.

"Nani amemfunga?" akauliza Huni.

Nguchiro akamng'ata Ipui kisigino.

"Mimi," akasema Ipui.

"Kazi safi. Hata marinda yapo."

"Mmm," akasema Mamba.

Huni akageuka. "Nani ameguna?"

"Tumbo langu," akasema Ipui. "Sijala tangu asubuhi."

Wakampa mkate. Wakamwinua Mamba mabegani, wakaondoka taratibu. Nyuma yao wanawake wa hekaluni waliliao maiti walijimwagia vumbi kichwani, uwii, uwii. Mamba hakuwahi kuliliwa na mtu maisha yake yote.

"Baba Meriti," akanong'ona Baketi, "yu hai."

"Najua."

"Tuseme?"

Ipui akaitazama ile nguo mikononi mwa mkewe. "Sema wewe."

Baketi hakusema.

Pangoni Mamba alilazwa katikati ya mamba wenziwe, safu kwa safu, wote wamevaa kitani. "Mmm," akawasalimu. Hakuna aliyeitikia. Mlango ukafungwa.

Meriti akaolewa, na wageni waliisifu sana nguo yake. Baketi akashukuru, akaenda kuwapakulia.

Fundisho lake ni hili, wenzangu: vaeni vizuri. Mamba alipokuwa uchi watu walimkimbia. Alipovaa, walimbeba mabegani.

Hadithi imefika kwao.
— Nasi tunaenda kwetu.
Uongo wake ni wa walionisimulia.
— Utamu wake tumeuchukua.