Mpishi Aliyekataa Kuonja

Wametusimulia wenye elimu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, ambao jina lake sikulihifadhi, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Harith. Mumewe alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipofariki hakumwachia ila sufuria moja kubwa ya shaba, na nyumba ya kupanga yenye ua mwembamba. Jamaa zake wakamjia na mashauri yao. Huyu akamwambia aolewe upesi, yule akamwambia ahamie kwake awe anakula cha kupewa. Lubaba akawasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema, "Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Mikono ninayo. Nikishindwa nitawaambia." Haya, hapo nani tena angesema neno?

Eda yake ilipokwisha, akaingia jikoni. Alikuwa hodari wa kupika harisa, na kwa asiyeijua, harisa ndiyo hii sisi tunayoiita boko boko: ngano na nyama ya kondoo vinachemka pamoja, vinapondwa kwa mwiko mpaka haijulikani ipi ngano ipi nyama, kisha juu yake samli na mdalasini. Si pishi la mvivu. Lubaba alikuwa akiichagua ngano punje kwa punje, na kila akitia mkono husema Bismillahi, hata majirani wakawa wanamtania kwamba ngano yake imehifadhi Kurani kuliko watoto wa chuoni. Asubuhi akiweka sufuria mlangoni, wachukuzi wa sokoni wanakula wakiwa wamesimama. Bakuli la kwanza lilikuwa la maskini, kila siku, hata siku mvua iliponyesha na wanunuzi wakawa wa kuhesabika. Chakula kilicholala hakukiuza kamwe.

Baraka ikaingia. Jirani mmoja akamwomba apike akika ya mwanawe, waliokula huko wakamwita kwenye khitma, waliokula khitma wakamwita kwenye harusi. Sufuria moja haikutosha tena, wala mikono miwili. Ndipo akampata Jumana. Huyu alikuwa mjakazi aliyeachwa huru baada ya bwana wake kufa, akatoka na nguo za mwilini tu, hana pa kulala. Lubaba akamkaribisha kwake, akampa fungu lake katika kila kazi, akamwambia, "Niite dada." Jumana hakuweza. Ulimi ulikwishazoea, akaendelea kumwita bibi. Lakini kwa mwiko, mashallah! Alikuwa akisonga harisa kwa nguvu na utaratibu, hasimami mpaka iwe laini, na wawili hao wakafanya kazi miaka mingi bila kutupiana neno baya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mtihani wa waja wema hauji siku zote kwa mlango wa dhambi. Lubaba alikuwa mfungaji. Jumatatu amefunga, Alhamisi amefunga, na siku hizo anapika vilevile, moshi wa nyama unampanda puani, wala halalamiki. Watu wakaona, wakaanza kusema. "Mwanamke yule anapika na saumu yake, hata ncha ya ulimi haigusi mchuzi!" Kwanza ilikuwa kweli kwa sababu siku hizo Jumana ndiye aliyekuwa akionja. Ikaja Ramadhani, wote wawili wamefunga. Jumana akataka kufanya kama wapishi wengine: kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, kutema na kusukutua kinywa, jambo ambalo maulamaa wamemruhusu mwenye haja nalo maadamu hamezi kitu. Lubaba akamkataza. "Hiyo ni ruhusa ya wanyonge, Jumana. Sisi tuchukue lililo zito."

Jumana akatii. Na kwa kuwa sufuria zilikuwa za kadiri na mkono wa Lubaba umezoea, chakula kikatoka salama Ramadhani ile, na iliyofuata, na nyingine. Sifa zikazidi. Wanawake wakawa wanawaambia binti zao, "Muige Lubaba, anapika bila kuonja." Naye akisikia huinamisha uso kwa unyenyekevu, lakini alikuwa anasikia. Wallahi alikuwa anasikia!

Katika mji ule alikuwapo mfanyabiashara wa hariri, Dhakwan bin Said, mtu karimu lakini mkali wa maneno. Alijenga jiko la wakfu ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa, lenye meko makubwa, kisima na ghala, liwalishe wasafiri na mafakiri mwaka mzima. Jiko limekamilika, hajapatikana wa kulishika. Akatangaza kwamba atawafuturisha watu wa msikiti wote katika kumi la mwisho la Ramadhani, na kazi ile akampa Lubaba. "Ukinilishia watu vizuri," akamwambia, "jiko ni lako, utapika humo vya wakfu na vyako pia."

Neno lile lilimjia Lubaba wakati wa dhiki. Mwenye nyumba alikuwa amechoka na moshi na malalamiko ya majirani, akawa amewaambia Idi ikipita wahame. Ua mwingine wa kupikia hawakuupata mji mzima. Wakikosa jiko la wakfu, sufuria zote walizozipata kwa jasho zitafunikwa, na kila mmoja atashika njia yake: Lubaba kwa jamaa wa cha kupewa, na Jumana Mungu ajua wapi.

Siku ya kwanza ikafika. Wakaingia jiko lile jipya tangu alfajiri. Sufuria walizoazimwa zilikuwa kubwa mno, mtu angeweza kumwogesha mtoto ndani yake, na chumvi waliyoletewa ilikuwa ya mawe, si ile waliyoizoea. Kwa kawaida chumvi ya harisa hutiwa mwisho, ngano ikishalainika, na mtiaji ni Lubaba. Baada ya Alasiri Lubaba akaitwa mlangoni kuulizwa habari za mikeka na masinia, akakawia. Jumana akaona ngano imekwisha lainika na moto ni mkali. Akaitwanga chumvi, akaitia sufuria zote, iliyobaki akaiacha kinuni, kisha akaenda kisimani. Lubaba akarudi, hakumkuta mtu, akaona chumvi iliyotwangwa iko tayari kinuni. Akasema moyoni, "Allah ambariki Jumana, ameniandalia." Akapiga Bismillahi yake, akatia na yeye.

Jumana aliporejea na ndoo, alikuta sufuria zimekwisha funikwa ila moja. Akasimama.

"Bibi, leo tuonje."

"Tuonje nini, na jua bado liko juu?"

"Kwa ncha ya ulimi tu, kisha nitatema. Sufuria hizi hatuzijui, chumvi hii hatuijui. Moyo wangu hautulii."

Lubaba akatabasamu. "Miaka yote Mwenyezi Mungu ametusitiri bila kuonja, aje atuache leo? Watu wote wanajua Lubaba haonji. Funika kifuniko hicho, tukatawadhe."

Jumana akafunika.

Jua likazama, watu wakafungua kwa tende na maji, wakasali Magharibi, wakaketi kwenye mikeka. Masinia yakapita, samli inang'aa juu, harufu ya mdalasini imejaa ua. Mikono ikaingia kwenye masinia. Kisha ikasimama. Mzee mmoja msafiri akajaribu kumeza kwa heshima, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Watoto wakalia maji. Mwingine akasema, "Jamani, tumepikiwa bahari?" Wenzake wakacheka, lakini ni kicheko cha watu wenye njaa.

Nyuma ya pazia la wanawake Lubaba akachota kidogo kwa kidole akatia kinywani. Uso ukambadilika.

"Jumana, ulitia chumvi?"

"Nilitia, bibi, ulipoitwa mlangoni."

"Inna lillahi. Na mimi nimetia."

Upande wa pili Dhakwan alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani ametia chumvi hii? Nawaita wageni wa Mwenyezi Mungu niwape sumu?" Na msimamizi wake, mtu aliyependa kumfurahisha bwana wake kwa jibu la haraka, akasema, "Bila shaka ni yule mjakazi. Bibi Lubaba tunamjua sote, miaka yote chakula chake hakina kasoro. Hawa ukiwaachia jambo wanaliharibu." Watu wakatikisa vichwa. Naam, naam, itakuwa huyo.

Tazameni basi mlango ulivyofunguka! Lubaba hakutakiwa aseme uongo. Alitakiwa anyamaze tu. Na Jumana mwenyewe akamshika mkono, akamnong'oneza, "Waache, bibi. Waseme ni mimi. Mimi sina jina la kupoteza, nawe ukipata jiko tutakaa sote."

Lubaba akamtazama. Wanasema alilia, kilio cha kukaa kimya, na kwamba alisimama pale kitambo. Nami naamini, kwa sababu alikuwa mtu, si malaika, na jiko lile alilitaka. Kisha akajitanda buibui lake vizuri, akatoka mbele ya pazia.

"Enyi watu wa msikiti," akasema, "chumvi ya kwanza ametia Jumana, nayo ilikuwa sawa. Ya pili nimetia mimi, bila kuuliza. Kisha Jumana akaniomba tuonje, nami nikamkataza."

Imamu wa msikiti, Sheikh Muhallab, mzee mpole, akamwuliza, "Kwa nini, mwanangu? Hukujua kwamba mpishi ana ruhusa?"

"Nilijua, Sheikh."

"Basi ulichelea saumu yako?"

Hapa angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na nusu ya wale watu wangemsamehe palepale, wengine wangemsifu zaidi. Lubaba akasema, "Hapana. Nilichelea msije mkaacha kusema kwamba Lubaba haonji. Niliyapenda maneno hayo kuliko nilivyowajali nyinyi na njaa zenu. Nisameheni."

Dhakwan akakaa chini. Hasira ilikuwa bado imo, lakini sauti ilishuka. "Umesema kweli, na kweli yako Mungu ataipokea. Lakini jiko hili nimeliweka wakfu kwa wenye njaa, na wenye njaa wameketi hapa hawana cha kula. Siwezi kukupa."

"Ni haki yako," akasema Lubaba. "Wala sikuombi. Ila mpishi uliyekuwa ukimtafuta yuko nyuma ya pazia hili. Leo ana kosa moja tu, kwamba alinitii."

Usiku ule watu walikula mkate na maziwa ya mtindi waliyoyatoa majumbani mwao, kila nyumba ilicho nacho, na Sheikh Muhallab akasema hajawahi kuona futari iliyochangiwa na wengi hivyo. Dhakwan akaondoka bila kuagana na mtu. Siku ya pili akamwita Jumana, akamkabidhi ufunguo. Jumana akaukataa. Akamwendea Lubaba analia, anasema hawezi kushika kitu juu ya kichwa cha bibi yake. Lubaba akamkaripia, na hiyo, wanasema, ndiyo mara pekee aliyowahi kumkaripia: "Watu wana njaa nawe unaniletea machozi? Nenda ukawashe moto!"

Idi ikapita. Asubuhi moja Jumana yuko jikoni anachagua ngano, akasikia hodi. Ni Lubaba, sufuria yake ya shaba kichwani, mlangoni pa nyuma wanapoingilia vibarua.

"Bibi Jumana," akasema, "nimekuja kuomba kazi."

Jumana akaitua ile sufuria, akamkumbatia, wakalia wote wawili mpaka ngano ikasahauliwa. Kisha Jumana akasema, "Kazi ipo, dada. Sharti langu moja: hapa kila sufuria inaonjwa, Ramadhani na isiyo Ramadhani."

"Nimesikia," akasema Lubaba.

Naye akalitimiza. Jiko lile likakua mpaka harusi za miji ya jirani zikawa zinaletewa masinia kutoka pale, na wajane wengine wakafundishwa humo kazi, wakatoka kwenda kufungua majiko yao. Ramadhani iliyofuata, wanawake waliokuja kuleta kuni walimkuta Lubaba ameinama juu ya sufuria, anagusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, anatema, anasukutua. Mmoja wao akashtuka. "Lubaba! Hata wewe?"

"Hata mimi," akajibu. "Ongezeni kuni."

Ndugu zangu katika imani, nimekuwa nikijiuliza ni lipi katika mambo ya bibi huyu lililokuwa zito zaidi. Kufunga kwake? Tunao wafungaji wengi. Sadaka ya bakuli la kwanza? Alhamdulillahi, watoaji hawajatuishia. Mimi naona ni lile neno "hapana" alilomjibu Sheikh, alipopewa sababu nzuri ya kujisitiri nayo, sababu yenye jina la Mungu ndani yake, akaikataa kwa kuwa haikuwa ya kweli. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mwenzake, na siku tutakayoulizwa sisi kwa nini tulifanya tuliyoyafanya, atupe ujasiri wa kujibu hivyo.