Barua Pepe ya Amoni Iliyofika kwa Wote

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikuwapo na umeme ulikatika kama leo, palikuwa na kampuni ya mbegu na mbolea mjini Makambako. Humo alifanya kazi Amoni Mgaya, bwana wa mauzo. Kwa wateja alisema mpaka koo likakauka. Akimwona Yusta wa maabara, ulimi unagoma.

Siku moja akamwandikia rafiki yake Festo kwa barua pepe ya ofisi: "Ndugu yangu, nampenda Yusta. Jana nilikwenda kumwambia, nikaishia kumuuliza bei ya mbolea, na mbolea naiuza mwenyewe! Nishauri. Iwe siri."

Ushauri ukamshinda Festo. Akaituma barua kama ilivyo kwa Bi Lwitiko wa mapokezi, binamu yake Yusta, akaongeza: "Tumsaidie huyu maskini."

Bi Lwitiko akataka kumpelekea Yusta mwenyewe. Kwenye orodha ya anwani, jina la Yusta lilikuwa chini ya neno "Wote". Kidole kikateleza, kikabonyeza "Wote".

Yusta alipoingia kunywa chai, ofisi nzima ikampigia makofi. Mmoja akamuuliza bei ya mbolea. Yusta akaweka kikombe chini, akaenda kwa meneja kuomba uhamisho.

Meneja akawaita wale watatu.

"Yusta haendi popote. Lakini ghala letu la Makete linataka mtu, na huko baridi mnaijua. Mmoja wenu atakwenda."

Festo akasema, "Mimi nilimtumia mtu mmoja tu, tena ndugu yake Yusta. Aliyeandika ni Amoni."

Bi Lwitiko akasema, "Mimi nilikosea kidole. Festo aliombwa siri, akaitoa kwa makusudi."

Amoni akasema, "Mwanamume mzima, meza ya Yusta naiona kutoka kwangu, nikapitia kwenye kompyuta kama naomba likizo! Mjinga ni mimi. Lakini nilimwandikia rafiki."

Yusta alikuwa amesimama mlangoni.

"Amoni, ungeniambia mwenyewe, ningekubali. Sasa nikikubali, watasema ni makofi yao. Nikikataa, nimekuaibisha mbele ya watu. Hata jibu langu mmeninyang'anya."

Meneja akawatazama mmoja mmoja, asijue amtaje nani.

Haya, mnaonisikiliza na simu mikononi: yuko aliyeandika, yuko aliyetoa siri, yuko aliyekosea kidole, na wako waliopiga makofi, ambao hakuna aliyewaita. Je, nani alistahili kwenda Makete?